Jina Lililosemwa kwa Kipaza Sauti

Habari ilinikuta kwenye foleni ya feri ya Likoni, upande wa Mombasa, magari yakiwa yamezima injini na madereva wameshuka kunyoosha miguu. Aliyenipigia simu ni binti yake. Hakulia. "Ami, baba ametutoka alfajiri. Tunamzika Msambweni baada ya alasiri." Mimi si ami yake wa damu, nilifundisha shule moja na babake kabla hajaingia kwenye siasa, na tangu utotoni ananiita hivyo. Nikamwambia inna lillahi, niko njiani. Kumbe njia yenyewe ndiyo ile foleni, nayo haikusogea. Gari la mbele yangu lilikuwa na redio, na baada ya muda nikasikia tangazo: amefariki aliyekuwa mbunge, mwalimu wa miaka mingi, mpenda maendeleo, ameacha mjane na watoto. Hayo yote ni kweli. Ila mtangazaji hakusema kwamba marehemu alifungwa kwa sababu ya maneno yake, wala kwamba palikuwa na wakati jina lake halikutajika kwenye redio yao. Lilinichoma hilo, na nilikuwa pale pale nimebanwa na magari mbele na nyuma, sina wa kumlalamikia.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii haitaji watu majina. Basi nitamwita Mheshimiwa, ingawa sisi tuliofundisha naye tulimwita jina jingine tulipomtania, kwa ajili ya mdomo wake. Jamani, mtu yule alijua kusema! Alianza na salamu, akapitia historia ya minazi, akazunguka kwa mashangazi zake wote wawili, ndipo akafika kwenye hoja. Akisema "kwa kumalizia", waliokaa mbele waliagiza kahawa nyingine. Darasani wanafunzi walimpenda kwa sababu kengele ililia kabla hajafika kwenye zoezi. Alipochaguliwa kuingia bungeni kwa chama cha upinzani, nilimwambia kwamba watu wa kusini hawakumpa kura, walimpa likizo ili masikio yao yapumzike. Alicheka mpaka akakohoa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, fujo za kuwafukuza watu wa bara zilikuwa zimepita kwetu na kuacha nyumba zisizo na mapaa na watu wasioaminiana. Yeye akaitisha mkutano Ukunda. Alisema juu ya viwanja vya ufuo wa Diani vilivyozungushiwa kuta, na juu ya wazee wanaoitwa maskwota, wakaaji wasio na haki, chini ya minazi iliyopandwa na babu zao. Nilikuwepo. Nilimsikia akisema: "Jirani yako wa skimu ya makazi, aliyetoka bara, hakujipa shamba. Alipewa. Usimwendee yeye na panga; mwendee aliyempa, na swali." Mahakamani maneno hayo yalisomwa nusu. Ile nusu ya swali na aliyempa ilibaki, ile ya jirani na panga haikuonekana. Akahukumiwa kwa uchochezi, kiti chake kikatangazwa kuwa wazi, na yeye akapelekwa gereza la bara, kwenye baridi, mbali na mtu yeyote ambaye angeweza kumpelekea kitoweo.

Baada ya hapo sisi wengine nasi tukafungwa, ila kwetu hapakuwa na mlinzi langoni. Vijana walioimba jina lake njiani waliitwa kituoni, wakahojiwa, wakarudi kimya. Muuza kahawa aliyebandika picha yake aliibandua. Ikawa mtu akitaka kumuulizia husogeza kiti, huinamisha kichwa, husema, "Mgonjwa wetu hajambo?" Mgonjwa! Watu wazima, mchana kweupe, tunaulizana habari za mgonjwa asiyeumwa. Ukipita kwa chifu huulizi kabisa. Tulijiambia kwamba tunafunika kombe mwanaharamu apite, lakini mwanaharamu mwenyewe hakupita, alivuta kiti akaketi. Nyumbani kwake mkewe, ambaye kwa adabu za kwetu hajawahi kumwita mumewe kwa jina, sasa alikosa hata mtu wa kumtajia.

Katika hali hiyo binti yake akaposwa. Mchumba alikuwa kijana wa Mkwiro, anafanya kazi ya kuongoza wageni katika hoteli moja ya Diani, mtoto wa watu wazuri. Posa ililetwa kabla babake hajakamatwa, siku ikapangwa, ikaahirishwa kungoja kesi, ikaahirishwa tena kungoja rufaa. Wazee wa Mkwiro wakaanza kuuliza kwa upole kama mambo bado yapo. Hapo ndipo mjomba alipojitokeza, ndugu wa mamake binti. Lazima nieleze kwa wasiotujua: sisi Wadigo zamani tulihesabu ukoo kwa mama, na mjomba alikuwa na sauti juu ya mpwa wake kuliko baba mzazi. Dini ilipokita mizizi, mambo ya ndoa yakawa ya baba, lakini ile sauti ya mjomba haikufa, imelala tu, na ukiiamsha inaamka na madai yake. Mjomba huyu zaidi ya hayo alikuwa mwenyekiti wa chama tawala katika eneo letu. Akasema yeye atamwoza mpwa wake, na mkuu wa wilaya atakuja, na wakubwa wa chama watakuja, na kila mtu aone kwamba nyumba ile imerudi kundini.

Maalim wa msikiti wetu akamwambia kwamba hilo haliyumkiniki. Walii, msimamizi wa ndoa ya binti, ni baba; mjomba wa upande wa mama hana uwalii. Mjomba akasema baba hayupo, basi kadhi atasimama. Maalim akavua miwani. "Baba yu hai, na mahali alipo panajulikana hata na serikali. Mimi nitamfanyaje mtu kuwa hayupo?" Mjomba akatoa la pili, na nadhani hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake siku zote. Alikwisha zungumza na wakubwa. Shemeji yake angeletwa, angesimama mbele ya mkutano wa hadhara Kwale, angesema kwamba alipotoka na anaomba radhi, na siku hiyo hiyo angelala kwake na kumwoza mwanawe kwa mkono wake. "Mimi namtoa shemeji yangu," alisema, akitutazama mmoja mmoja, "ninyi mnaomsifu mnamzika." Wallahi, sikuweza kumchukia. Alikuwa anampenda. Alitaka tu kumpenda kwa njia ambayo haitamgharimu yeye.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, anatusikia. Hadi leo nakumbuka alivyosema: "Nikiolewa baba akihesabiwa hayupo, nimeolewa yatima na babangu yu hai. Akija kwa kuomba radhi, nitakuwa mimi ndiye niliyemvunja. Nikingoja, nitazeekea kwenye benchi la gereza. Hebu niambieni, wazee wangu, mlango ni upi?" Mamake alikuwa amekaa baina ya kaka yake na kiti kitupu cha mumewe, anapepeta mchele uliokwisha kuwa safi.

Ikaamuliwa maalim na mimi twende. Kama baba hawezi kufika, anaweza kumteua mtu wa kusimama mahali pake, naye amteue kwa kinywa chake huku mashahidi wakisikia. Tulisafiri mpaka maalim akaanza kuvaa kikoi juu ya koti. Huko tuliingizwa kwenye chumba kilichogawanywa kwa wavu, na askari mmoja, kijana wa bara, akasimama karibu sana nasi. "Kiswahili pekee yake, na mambo ya nyumbani," akasema. "Nikisikia siasa, mmeenda."

"Hatuna siasa, mwanangu," maalim akamjibu. "Tumeleta habari ya harusi."

Mheshimiwa akaletwa. Amenyolewa, amekonda, amevaa kaptura ya mfungwa na miguu yake imepasuka kwa baridi. Akatuamkia kabla hatujamwamkia. Nilingoja salamu ndefu, historia ya minazi, mashangazi. Hakuna. Maalim akamweleza yote, na lile la kuomba radhi pia, kwa sababu ilikuwa haki yake kulisikia. Akasikiliza huku ameshika wavu kwa vidole. Kisha akasema, "La mkutano, hapana. Nikisema nilipotoka, wale walioniamini watakuwa wamepotoka na nani?" Askari akakohoa. Maalim akaharakisha: "Basi teua mtu." Nami nikajiweka sawa. Nisiwafiche, njiani nilikwisha chagua kanzu nitakayovaa.

"Namteua shemeji yangu."

"Yupi?" maalim akauliza.

"Ninaye mmoja. Mjomba wake mtoto."

"Mwenyekiti!" nikasema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Ebu, hiyo ya mwenyekiti ni siasa," askari akasema.

"Si siasa, afande. Ni ndugu wa mke wangu." Akamgeukia maalim, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule mwalimu wa zamani, yule aliyejua jibu kabla ya kuuliza swali. "Lakini maalim, uwakala una maneno yake. Yaseme yote. Usimsamehe hata neno moja." Maalim akamtazama kwa muda, akasema, "Sitamsamehe." Akamtamkisha uteuzi, sisi wawili tukashuhudia. Askari alikuwa amesahau kutazama saa. "Mzee," akasema alipokuwa anamrudisha, "hata mimi niko na msichana. Akiolewa na mimi niko zamu hapa, nitafanya hivi?" Mheshimiwa akamwambia, "Wewe utaomba ruhusa, utaenda." Askari akatikisa kichwa. "Wataninyima." Wakacheka pamoja, kila mmoja upande wake wa wavu, na mlango ukafungwa nyuma yao wote wawili.

Tulipompa mjomba habari, alikaa kitako kwenye baraza. Alikuwa ametaka kumwoza binti, na sasa amepewa. Kukataa ni kukataa amana ya ndugu mbele ya ukoo mzima, na dada yake anamtazama. Kukubali ni kusimama mbele ya mkuu wa wilaya kwa idhini ya mfungwa. "Amenichagua kwa mapenzi," akaniuliza, "au kwa kunikomoa?" Nikamwambia nadhani yote mawili. Akainuka akaenda zake bila kuaga. Lakini hakurudisha amana.

Siku ya nikahi uwanja ulijaa. Watu wa Mkwiro walikuja na kanzu zao zilizonyooka, jirani mmoja wa skimu alileta jogoo wake na kukaa nyuma, wakubwa wa chama waliwekewa viti vya mbele. Mjomba mwenyewe alikuwa amekodi kipaza sauti ili hotuba za wageni zisikike mpaka barabarani. Maalim akakiweka mbele yao walipokaa kwenye mkeka, mjomba ameushika mkono wa bwana harusi. Hotuba ya nikahi ikapita. Maalim akamwashiria. Mjomba akaanza haraka haraka, kama mtu anayevuka mahali penye mbwa: "Nimekuoza mwana wa dada yangu, kwa uwakala wa baba yake, kwa mahari mliyoafikiana."

"Baba yake nani?" maalim akauliza, kwa upole, ndani ya kipaza sauti.

"Baba yake. Wote wanamjua."

"Malaika wanamjua. Mashahidi nataka wamsikie."

Tulisikia sufuria za jikoni. Mkuu wa wilaya alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha mjomba akasema. Akalitaja jina la shemeji yake, na la babake, na la babu yake, lote, kwa sauti iliyokatika katikati ikajiunga tena, na kipaza sauti kikalichukua mpaka barabarani. Na kabla bwana harusi hajafungua mdomo, ndani kwa wanawake kigelegele kimoja kikalia. Kilikuwa cha mkewe. Wenzake wakampokea, uwanja ukatikisika. Maalim akainua mikono: "Bado! Bado, jamani! Bwana harusi hajakubali!" Maana katika nikahi jibu hufuata papo hapo, na likikatizwa inabidi lirudiwe. Ikarudiwa. Mjomba akalitaja tena, safari hii bila kukatika, na wanawake wakakosea tena. Nimehudhuria ndoa nyingi kwetu, na sijawahi kuona wanawake wasiojua mahali pa kigelegele. Mara ya tatu mjomba alikuwa analisema kama muadhini, shingo imenyooka, machozi yanamtoka, na bwana harusi akadaka mwisho wa neno, "Nimekubali!" kabla hawajamwahi.

Mkuu wa wilaya hakungoja pilau. Mjomba hakuwa mwenyekiti tena uchaguzi wa chama ulipokuja. Kesho yake pale Ukunda muuza kahawa aliuliza habari za Mheshimiwa kwa jina lake, huku anamimina, hakuinamisha kichwa. Ningependa kuwaambia kwamba mlango wa gereza ulifunguka. Haukufunguka. Rufaa ilikataliwa, na yeye akakimaliza kifungo chake chote. Nilipomwendea tena, nilitaka kumsimulia kuanzia kanzu mpaka jogoo, lakini alinikatiza, yeye aliyekuwa hakatiziki.

"Alinitaja?"

"Alikutaja. Mara tatu."

"Kwa sauti?"

"Kwa kipaza sauti."

Akaegemeza paji la uso kwenye wavu, akacheka bila kutoa sauti, mabega yakimtetemeka, mpaka muda ukaisha akaondolewa. Miaka yote iliyofuata, nilipomuuliza kwa nini hakuniteua mimi rafiki yake, alinitazama kwa uso mkavu na kunijibu: "Ni mjomba wake. Nani mwingine angemwoza?"

Alitoka, lakini sina hakika kwamba alitoka kamili. Alikuwa akifika mlangoni, hata kwake mwenyewe, anasimama. Anangoja. Mkewe akimwambia "pita, baba", ndipo anapita. Tukienda kunywa kahawa, haketi mpaka aambiwe. Hakugombea tena kiti chochote, na maneno yake yakawa mafupi kama ya mtu anayehesabiwa. Siku moja nilimtania aniambie habari za mashangazi zake. Akasema, "Wazima," basi. Niliumia kwa jibu lile kuliko nilivyoumia siku aliyohukumiwa, kwa sababu siku ile nilidhani wamechukua wakati wake tu. Binti yake ameniambia kwamba katika ugonjwa wa mwisho alitaka mlango wa chumba uachwe wazi usiku na mchana, hata mvua ikiingia.

Siku hizi vijana wa Diani na Ukunda huwatukana wakubwa kwenye simu zao, jina kamili na picha juu, kisha wakalala usingizi. Nafurahi. Lakini wanadhani midomo yetu ilizaliwa wazi. Zile kuta za ufukweni ziko pale pale, na maswali aliyofungiwa bado hayajajibiwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunaweza kuyauliza, na kwa hilo mtu mmoja alilipa kwa maneno yake yote yaliyobaki. Kumtangaza redioni kama mpenda maendeleo aliyekufa kwa uzee ni kumfanya hayupo, jambo ambalo maalim alilikataa Mheshimiwa akiwa hai.

Nilifika Msambweni watu wanarudi kutoka makaburini. Mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka wa matanga, mzee sasa, mkongojo kando. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba. Umechelewa." Nikamwambia foleni. Akanivuta mkono kama alivyomshika bwana harusi. "Mimi nilimtaja. Au sikumtaja?" Nikamwambia, ulimtaja. "Na wewe, kwenye gazeti lako, utamtaja?" Nikaanza kumweleza ada ya safu hii. Akanitazama kama maalim alivyomtazama yeye siku ile ya nikahi. "Basi," akasema, "waambie wao wamtaje."

Nawaambieni. Wewe wa Ukunda, wa Msambweni, wa Mkwiro, unamjua ninayemsema. Ukimaliza kusoma hapa, litaje jina lake kwa aliye karibu nawe, lake na la babake na la babu yake, kwa sauti ya kusikika. Na kama kwenu yuko mwingine aliye hai, mnayemuulizia kwa kuinamisha kichwa kana kwamba ni mgonjwa, anza na huyo.